Kutibiwa Lubumbashi: mwongozo kamili kutoka kituo cha mtaa hadi lopitali kubwa

Familia nyingi za Lubumbashi hupoteza muda na franka kwa sababu huanzia mahali pasipofaa. Mtoto mwenye homa ya tangu asubuhi anakimbizwa Sendwe, lopitali kubwa ya mkoa, wakati mwenzake mwenye nimonia ya siku tano bado amelala kwenye dispansere ya kona, ametundikiwa serumu. Matibabu ya mji huu yana ngazi, na kinachompandisha mgonjwa kutoka ngazi moja hadi nyingine ni karatasi. Mwenye karatasi iliyoandikwa vizuri hupokelewa akiwa mgonjwa anayejulikana. Asiye nayo huanza upya: anapimwa tena, analipa tena, na pengine anadungwa mara ya pili dawa aliyoipata saa mbili zilizopita.

Kwanza, ijue zoni yako

Serikali ya Kongo imeigawa nchi nzima katika zoni za afya 519. Mji wa Lubumbashi peke yake una 11: Kamalondo, Kampemba, Katuba, Kenya, Kisanga, Kowe, Lubumbashi, Mumbunda, Rwashi, Tshamilemba na Vangu. Komini za mji ni 7 tu, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Unaweza kuwa raia wa komini moja huku matibabu yako yakihesabiwa katika zoni yenye jina lingine kabisa. Wanaoishi komini ya Annexe, inayouzunguka mji, ndio wanaokwama zaidi, kwa kuwa wamegawanywa katika zoni mbalimbali.

Kila zoni imekatwa katika maeneo madogo, na kila eneo lina kituo cha afya chini ya muuguzi mkuu, yaani titulere. Juu ya vituo hivyo kuna lopitali ya rufaa ya zoni. Zoni yenyewe inaongozwa na daktari mkuu wa zoni akiwa ofisini kwake, na juu yake kuna divisheni ya afya ya mkoa wa Haut-Katanga. Lopitali Jason Sendwe ni ya ngazi ya mkoa, na Cliniques Universitaires ni za chuo kikuu UNILU. Lopitali za Gécamines na SNCC zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kampuni hizo na jamaa zao. Ukitaka kutibiwa huko bila kuwa mfanyakazi, uliza bei mapema.

Fanya hivi wiki hii, kabla hajaugua mtu. Mtafute reko wa mtaa wako, yule anayepita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo, umuulize mambo matatu: kituo chetu cha afya ni kipi, kikishindwa kinatuma wagonjwa wapi, na namba ya simu ya titulere ni ipi. Majibu yaandike ukutani, kwa sababu simu huzimika siku SNEL inapokata umeme.

Kisha andaa bahasha moja ya plastiki. Weka humo daftari la matibabu la kila mtu, kadi za chanjo za watoto, kadi za kundi la damu, kopi za akti za kuzaliwa na akti ya ndoa, na kadi ya kazi ya baba au mama. Ongeza namba za simu za watu wawili wenye gari au pikipiki wanaokubali kutoka usiku. Manseba, wale wa pikipiki za teksi, wengi hawaingii kila mtaa baada ya saa nne ya usiku, na kumtafuta usiku huohuo mtoto anapodegedeka ni kuchelewa. Mwisho weka pesa taslimu kidogo. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinasaidia mchana, lakini saa nane ya usiku hakuna wakala wa kukutolea.

Kwenye kituo cha afya: uliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza ni hili: bei ni ya jumla au ya kila tendo? Kwenye bei ya jumla unalipa mara moja, na ndani yake mna kuonwa, vipimo vya kawaida na dawa za ugonjwa huo mpaka upone. Kwenye bei ya kila tendo kila kitu kina malipo yake: fishi (karatasi ya kuonwa), kipimo, sindano, pamba, hata glavu. Kituo kizuri hubandika bei ukutani. Usipoiona, omba uonyeshwe. Kama bei imeandikwa kwa dolari nawe una franka, uliza wanahesabu kwa kiwango gani, maana hapo ndipo tofauti ya kiwango cha mtaani na cha dirishani inapokula pesa yako.

Yapo mambo ambayo kwa mpango wa taifa hayalipiwi: kipimo cha haraka cha malaria na dawa yake, dawa za kifua kikuu, dawa za virusi vya UKIMWI, chanjo za watoto, chakula cha dawa kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, na matibabu ya kipindupindu katika kituo maalum. Lakini fishi ya kuonwa inaweza kulipiwa hata kama dawa ni ya bure, na hilo si wizi. Tatizo hasa ni dawa za mpango zinapokwisha. Hapo utaambiwa ununue nje. Muulize titulere mwenyewe kama kweli zimekwisha na lini zitarudi, halafu uulize kama kituo jirani cha zoni hiyohiyo kinazo. Mara nyingi kinazo.

Jihadhari na mambo mawili yanayouzwa sana Lubumbashi. Moja ni serumu kwa kila mwenye homa. Mtu anayekunywa na kula bila kutapika hahitaji maji ya mshipani. Maji hayo hayaui malaria, na kwa mtoto mwenye upungufu mkubwa wa damu, kumwagiwa maji mengi kwa haraka kunaweza kumwelemea moyo. Pili ni kipimo cha Widal, cha kutafuta tifoidi. Mtu aliyewahi kuugua tifoidi, au maambukizi mengine kadhaa, anaweza kuonekana ana Widal ya juu bila kuwa na tifoidi leo. Kinachothibitisha tifoidi ni kuotesha damu kwenye maabara kabla ya kuanza antibiotiki. Ukiambiwa una malaria pamoja na tifoidi kwa karatasi moja ya Widal, na umeandikiwa sindano za wiki nzima, nenda na karatasi hiyo kwa daktari wa lopitali ya zoni kabla hujaanza kulipa. Hata hivyo tifoidi ya kweli ipo mjini na inaua kwa kutoboa utumbo. Mgonjwa wa homa ya siku nyingi ambaye ghafla tumbo linakuwa gumu kama ubao ni wa chumba cha upasuaji, siku hiyohiyo.

Mtoto mwenye homa, hatua kwa hatua

Hapa tutakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo saa zinapohesabika.

Mtoto aliye chini ya miaka mitano akipata joto, apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu na hutoa jibu kati ya dakika 15 na 20. Likisomwa mapema mno au baada ya saa nzima, jibu hilo halifai. Jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi: kipimo hiki kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kama alimaliza dawa wiki mbili zilizopita na sasa ana joto tena, omba kipimo cha hadubini, GE, kionyeshe kama wadudu wenyewe wapo.

Akiwa na malaria ya kawaida atapewa vidonge vya mseto. Mseto wa artemeta na lumefantrini ni dozi 6 kwa siku tatu. Dozi ya pili hunywewa saa 8 baada ya ya kwanza, si kesho yake. Mpe pamoja na kitu chenye mafuta, maziwa au uji uliotiwa karanga, la sivyo dawa haiingii vizuri mwilini. Akitapika kabla ya nusu saa kupita, rudia dozi hiyo na umwombe muuguzi nyingine ya kufidia. Kosa linalojirudia kila siku ni kuacha siku ya pili kwa sababu joto limeshuka, vidonge vilivyobaki vikawekwa kwa ajili ya mdogo wake.

Hesabu pia pumzi. Mlaze mtoto akiwa ametulia, inua nguo, tazama kifua kwa dakika moja kamili ya saa. Pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, pamoja na kikohozi, ni dalili ya nimonia. Malaria na nimonia huja pamoja mara nyingi, hasa baridi ya Juni na Julai inapowakusanya watu ndani kuzunguka mbabula wa makala. Moshi huo wenyewe huumiza mapafu ya mtoto, na mlango uliofungwa unaweza kuua nyumba nzima.

Ukiona mojawapo ya haya, usisubiri kituo kifunguliwe: anadegedeka, hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amelegea kiasi kwamba huwezi kumwamsha, viganja na ndani ya midomo vimekuwa vyeupe, anapumua huku mbavu zikiingia ndani, mkojo umekuwa mweusi kama Koka. Huyo ni wa lopitali. Kama kituo kiko karibu na kina artesunati ya kutia njia ya haja kubwa, na mtoto ana chini ya miaka sita, atiwe kabla ya safari. Lakini dawa hiyo ni ya kumvusha njiani tu. Watoto wamerudishwa nyumbani baada ya hiyo dozi moja kwa sababu waliamka na kucheza, na siku ya tatu wakazidiwa.

Lopitalini atadungwa artesunati mara tatu: anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kunywa. Andika mwenyewe saa ya kila sindano kwenye daftari, kwa sababu zamu zikibadilika usiku dozi ya saa 12 ndiyo inayosahauliwa. Akianza kunywa lazima apewe mseto wa siku tatu kamili. Sindano peke yake hazimalizi ugonjwa. Na kabla hamjatoka, omba tarehe ya kurudi kupima damu. Baadhi ya wagonjwa waliotibiwa kwa artesunati huvunjikiwa chembe za damu kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya kupona. Mtoto aliyekuwa ameshaanza kukimbia akigeuka mweupe au wa manjano, mrudishe na umtajie daktari dawa aliyopewa.

Karatasi ya kuhamishwa

Kituo kikishindwa, usiondoke na maneno matupu. Omba karatasi ya rufaa, uisome mlangoni kabla ya kutoka. Lazima iwe na jina, umri na uzito. Saa aliyofika na saa anayoondoka. Joto, mapigo na pumzi. Vipimo na majibu yake. Kila dawa aliyopewa, kipimo chake na saa. Sababu ya kumhamisha. Jina la aliyeandika, sahihi, muhuri na simu. Uzito na saa za dawa ndivyo vinavyosahauliwa zaidi, na ndivyo daktari wa zamu anavyovitafuta kwanza.

Mwombe titulere apige simu mbele yenu kuuliza kama kuna kitanda, oksijeni na damu. Mji hauna huduma moja ya ambulansi ambayo kila mtu anaweza kuitegemea. Lopitali kadhaa zina magari yake, na kwa kawaida mafuta hulipwa na familia. Kama mtaenda kwa taksi, mgonjwa aliyepoteza fahamu alazwe ubavu, kichwa chini kidogo, na asinyweshwe kitu. Mgonjwa wa namna hiyo asibebwe kwa pikipiki akibanwa katikati ya watu wawili: shingo huinama na pumzi huziba.

Ukitoka lopitalini, dai na karatasi ya kurudi, ile inayomweleza titulere wako kilichofanyika. Wachache huidai, na ndiyo maana mgonjwa wa presha anabadilishiwa dawa kila mwezi.

Kwenye mlango wa lopitali kubwa

Nenda moja kwa moja dharura, uonyeshe karatasi. Gawaneni kazi: mmoja abaki na mgonjwa, mwingine ashughulikie fishi na dirisha la malipo. Mgonjwa asiachwe peke yake hata dakika tano, kwa maana ndugu ndiye anayeita muuguzi, anayeleta maji, anayepeleka chupa ya damu labo na kurudi na jibu.

Lopitali nyingi huomba amana, kosyo, kabla ya kulaza. Mgonjwa wa hatari aanze kutibiwa huku mkizungumzia pesa, na semeni hivyo wazi kwa daktari wa zamu, kwa heshima, bila kugombana na mtu wa dirishani ambaye hana uwezo wa kuamua. Pata risiti ya kosyo. Ipigeni picha. Bila risiti hiyo, siku ya kutoka kosyo haikatwi kwenye bili.

Gari-malade, yaani ndugu anayebaki na mgonjwa, aje na beseni, ndoo yenye mfuniko, sabuni, vikwembe viwili, blanketi, tochi, termosi, sahani na kijiko, na daftari. Chakula hupikwa nyumbani au hununuliwa nje. Muulize muuguzi kwanza, kwa kuwa anayesubiri upasuaji akilishwa bukari upasuaji utaahirishwa. Asubuhi, daktari anapopita vitandani, uwe umesimama hapo na maswali yako yameandikwa: ugonjwa ni nini, tunasubiri jibu gani, leo anapata dawa zipi, lini atatoka. Wanaozunguka naye wengi ni wanafunzi. Uliza ni nani anayehusika na kitanda hiki, uandike jina lake.

Kila ordonansi, karatasi ya kuandikiwa dawa, piga picha kabla ya kuipeleka famasi. Ikipotea, na zinapotea, usirudi kumsubiri daktari mpaka kesho.

Damu

Hii ni sehemu inayokosesha watu usingizi kwa haki. Mtoto wa malaria mwenye damu chini ya gramu 5, mama anayetoka damu baada ya kuzaa, kijana wa SS (selimundu) aliyezidiwa: wote hawawezi kungoja mpaka jamaa watoke Kasumbalesa mpakani.

Utaratibu ni huu. Daktari anaandika bon ya damu. Muuguzi anachota sampuli na kubandika jina kwenye chupa pale pale kitandani. Tazama jina lenyewe na tarehe, kwa sababu chupa iliyoandikwa baadaye mezani, kati ya chupa nyingine, ndiyo inayoleta damu ya kundi lisilofaa, na damu hiyo huua. Labo inapima kundi, kisha inachanganya damu ya mgonjwa na ya mfuko kuona kama zinapatana. Mfuko wenyewe lazima uwe umepimwa virusi vya UKIMWI, hepatitisi B, hepatitisi C na kaswende. Damu ya ndugu wa tumbo moja nayo hupimwa. Kuwa ndugu si kipimo.

Damu haiuzwi, ila mfuko na vipimo vina gharama, na karibu kila mahali mtaombwa mlete watu wa kutoa badala. Mtoaji awe na miaka 18 au zaidi, uzito usiopungua kilo 50, awe amekula, asiwe na homa. Msinunue damu kwa vijana wanaosimama getini. Anayetoa kwa ajili ya pesa huficha ugonjwa wake, tena hutoa mara nyingi mno mpaka damu yake inakuwa maji. Njia bora ni familia kujua makundi yake mapema. Siku ya sherehe au matanga, jamaa wakiwa wamekusanyika, andikeni orodha: jina, kundi, simu, mtaa anaoishi. Mwenye O ya hasi awekewe alama, maana ni wachache sana kwetu.

Mfuko ukitoka kwenye friji uanze kuingia upesi na umalizike ndani ya saa 4. Usitiwe kwenye maji ya moto wala kuwekwa juani kupata joto, chembe hupasuka. Mpira wa kupitishia uwe ule wenye kichujio. Dakika 15 za kwanza muuguzi asimame hapo. Mgonjwa akitetemeka, akilalamikia mgongo, akivimba uso au kutoka vipele, mwite afunge mara moja na auhifadhi mfuko kwa uchunguzi.

Mimba na kuzaa

Anza CPN, kliniki ya wajawazito, kabla ya wiki 12. Mahudhurio yanayopendekezwa ni 8. Ziara ya kwanza inakupa kundi la damu, kipimo cha UKIMWI na kaswende, presha, kipimo cha damu na chandarua. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria huanza mwezi wa nne, kwa nafasi ya mwezi mmoja, angalau dozi 3, na humezwa mbele ya muuguzi. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi hapewi SP. Omba pia vidonge vya chuma na folati, na sindano ya pepopunda.

Mpango wa serikali wa kuzalisha bure ulizinduliwa Kinshasa Septemba 2023. Hapa Lubumbashi usitegemee tangazo la redio: kwenye CPN ya kwanza uliza kama kituo hiki kimo ndani ya mpango, na kama opereseni nayo imo.

Chagua mahali pa kuzalia mwezi wa saba, ukiuliza maswali ambayo watu huogopa kuuliza. Usiku yupo daktari wa kupasua, au anaitwa kutoka nyumbani? Umeme ukikatika, jenereta ina mafuta? Damu mnaitoa wapi? Oksitosini mnaiweka kwenye friji? Hii ya mwisho ina maana kubwa: sindano hiyo huzuia mama kutokwa damu baada ya kuzaa, na ikikaa kwenye joto huisha nguvu huku chupa ikionekana nzima.

Mkoba uwe tayari wiki ya 36: kadi ya CPN, plastiki ya kulalia, glavu, pamba, kibanio cha kitovu, sabuni, javeli (dawa ya kuua vijidudu), vikwembe, kofia na nguo za mtoto, pesa. Toka nyumbani bila kusubiri uchungu ukiona damu, maji yamepasuka, kichwa kinauma na macho yanaona ukungu, uso umevimba, mtoto hachezi, au una joto. Uchungu uliopita saa 12 bila maendeleo ni wa lopitali ya rufaa, hata mkunga akisema bado kidogo.

Baada ya kuzaa usitoke bila cheti cha kuzaliwa cha lopitali. Kipeleke komini ndani ya siku 90, ambamo kuandikisha mtoto ni bure. Zikipita hizo, mtaingia mahakamani. Chanjo huanza siku za kwanza kwa BCG na matone ya polio, kisha wiki ya 6, ya 10, ya 14, na miezi 9. Uliza pia dozi ya pili ya surua ya miezi 15.

Nani analipa

Kama una kandarasi ya kazi, iwe mgodini, dukani au nyumbani kwa mtu, Sheria ya Kazi (Code du travail) ya 2002 inamtaka mwajiri agharimie matibabu yako, ya mke au mume na ya watoto. Haki hiyo hupotea kwenye karatasi: mtoto asiyeandikishwa komini hamo kwenye orodha ya kampuni, na mke asiye na akti ya ndoa hamo. Peleka kopi zote kwa mkuu wa wafanyakazi, upewe barua ya kuthibitisha amepokea, na ujue ni lopitali zipi zimeingia mkataba na kampuni yako. Ukiugua usiku ukaenda kwingine, toa taarifa kesho yake asubuhi, ukiambatanisha karatasi ya dharura.

Asiye na mwajiri atafute muchweli ya afya (mutualite), chama cha kuchangiana gharama za matibabu. Sheria ya mutualite ni ya 2017. Kabla ya kujiunga uliza: kipindi cha kungoja kabla ya kutibiwa ni miezi mingapi, mwanachama analipa asilimia ngapi mwenyewe, opereseni imo, dawa za presha na sukari zimo, vituo ni vipi.

Ukiwa umelazwa, omba hesabu ya bili kila siku ya pili, usingoje siku ya kutoka. Linganisha na daftari lako: dawa mlizonunua nje zisiwemo, vipimo ambavyo havikufanyika visiwemo. Pesa ikishindikana, wahi huduma ya kijamii ya lopitali kabla daktari hajasaini kutoka, uandike makubaliano ya kulipa kidogo kidogo yenye tarehe na shahidi. Kumzuia mgonjwa aliyepona kwa ajili ya deni kunafanyika, na kunaumiza, hasa mama na kichanga chake. Likitokea, nendeni kwa mkurugenzi mkiwa na hayo makubaliano, kisha kwa daktari mkuu wa zoni, kisha divisheni ya mkoa. Barua iliyopokelewa kwa muhuri ina nguvu kuliko kelele za koridoni.

Dawa

Nunua famasi yenye kibali ukutani na mfamasia anayejulikana. Tazama kwenye boksi na kwenye pakiti ya vidonge iliyo ndani yake: tarehe ya mwisho na namba ya loti lazima zifanane. Usinunue vidonge vilivyomwagwa kwenye mfuko, wala vya meza ya sokoni vilivyokaa juani tangu asubuhi. Anayepewa dawa za presha au sukari aende na boksi tupu, si jina alilolisikia. Lopitali na vituo vya umma hutumia ghala la CAMELU, kwa hiyo famasi ya kituo ni ya kuanzia, si ya mwisho.

Yanayotaka mwendo wa haraka

Kuharisha maji meupe kama ya mchele, mara nyingi, ni kipindupindu mpaka kithibitishwe vingine. Anza ORS hapo hapo: pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Ukikosa, lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mnyweshe njiani. Usimfiche, na chombo alichotumia kitiwe javeli.

Umeumwa na mbwa: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, hata kama ni mkwaruzo, ndipo utafute chanjo. Usishone, usipake mafuta wala dawa ya kienyeji. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina tiba.

Aliyebakwa afike lopitalini ndani ya saa 72 kwa dawa za kuzuia virusi. Kinga ya mimba inaweza kutolewa hadi saa 120. Asioge kwanza, nguo ziwekwe kwenye karatasi, si plastiki. Adai cheti cha daktari kwa ajili ya sheria.

Kikohozi kilichopita wiki mbili, hasa kwa mchimbaji, ni cha kupimwa makohozi. Matibabu ni miezi 6 na hayakatwi mwezi wa pili nguvu zinaporudi.

Mgonjwa wa akili asifungwe kamba chumbani wala kuachwa miezi kwenye maombi peke yake. Kituo cha Dr Joseph Guislain, cha Bruda wa Karidadi, kinatibu akili na kifafa hapa mjini. Andika kabla ya kwenda: hali ilianza lini, halali tangu siku gani, anakunywa nini.

Na wanaokwenda kutibiwa Zambia wabebe ripoti ya daktari iliyofupishwa, picha za skana zenyewe na si majibu tu, hati ya safari, na kadi ya homa ya manjano. Chanjo hiyo idungwe siku 10 kabla ya kusafiri. Ikishatolewa, kadi hutambuliwa maisha yote. Pigeni simu lopitali ya Ndola au Lusaka kwanza, muulize kosyo ni kiasi gani na kama daktari mnayemtaka yupo wiki hiyo. Mgonjwa anayehitaji oksijeni asipandishwe teksi ya Kasumbalesa. Malori ya shaba hujipanga mpakani kilomita kadhaa, na chupa ya oksijeni iliyohesabiwa kwa saa mbili huishia kwenye foleni hiyo.